Programu ya Bure ya Sudi

Kwa mara ya tatu Rehema aliikuta nakshi yake ikining'inia dukani kwa Sudi, mshonaji jirani yake, kabla hajaishona mwenyewe. Mara ya pili alikuwa amemshuku wifi yake Nono, akamwita mdomo wazi, mtoa siri, mbele za watu. Sasa lilibaki agizo moja la kuokoa cherehani zake zisiuzwe kwa deni: magauni kumi na mawili ya shangazi za bibi harusi wa Kipushi. Sudi naye alilitaka.

Nono hutengeneza kompyuta mjini, na Rehema akampelekea yake. Lile tusi hakulitaja. Alimwekea Rehema kiti, akamchemshia chai, kisha akafungua mashine.

"Hii programu ya kuchora nakshi, ni nani alikuwekea?"

"Sudi. Bure. Alisema jirani ni ndugu."

"Wifi, ulifungulia mwizi mulango na ukamupa kiti! Ndani muko jasusi. Kila kitu unachora, kila neno unaandika, hata mot de passe, ile neno ya siri, inamutumia yeye. Nitoe?"

Rehema alikoroga chai. "Bado. Muache akule."

Kwao Katuba, kwa wajukuu wa watu wa Maniema, gauni la harusi hubeba dua kifuani kwa herufi za Kiarabu. Sudi alijifanya msomi: tasbihi haimtoki mkononi, na akiitwa Mwalimu huitika. Rehema alikuwa naye chuo cha Kurani utotoni. Sudi alitoroka kabla hajaijua hata alifu.

Basi Rehema akarudi nyumbani, akachora kwa programu ileile. Maua pembeni, uzi wa dhahabu, na katikati herufi zilizoviringika vizuri.

Siku nne baadaye shangazi walifika kwa Sudi kuona sampuli za wote wawili. Rehema alikuwepo, gauni lake limekunjwa kwapani. Sudi alilitandaza lake kifuani kama mtu aliyelizaa.

"Hii dua nimeitunga mwenyewe, wamama."

Shangazi mkubwa akavaa miwani, akafuata uzi kwa kidole, akasoma. "Mimi... Sudi... nimeiba... kwa Rehema." Akainua macho. "Mwalimu, hii dua iko mu sura gani?"

Kicheko kilitoka hadi barabarani. Sudi akageuza gauni juu chini, kana kwamba kosa lilikuwa la kitambaa.

"Ni mashine," alisema.

"Basi mashine ilisoma kukupita wewe!" shangazi mkubwa akamjibu.

Rehema akasogea mbele. Alikunjua lake, lenye dua ya kweli.

Jioni hiyo Nono alimfuta jasusi. Rehema alishona magauni kumi na matatu. La mwisho lilikuwa la Nono, na kifuani aliandika neno moja: samahani.