Mteja Aliyekubali Bei

Friza letu limenizidi umri. Baba alilinunua kwa kiinua mgongo chake, shamba la mkonge la serikali lilipouzwa kwa mwekezaji na mwekezaji akaona stoo inaweza kujitunza yenyewe bila mtunza stoo. Wanasema siku hizo kila ukiwasha redio unaambiwa sasa ni soko huria, kila mtu awe mfanyabiashara. Baba akaamini, akafungua duka la soda baridi hapa Same. Kumbe wenzake wote waliopunguzwa kazi walikuwa wanasikiliza redio hiyo hiyo. Mtaa mzima ukawa na maduka ya soda baridi, na wa kuzinunua hakuna.

Duka likafa, friza likabaki. Ni lile la kulala, refu kama jeneza la watu wawili, na limejaza chumba cha uani miaka yote. Ndani tunaweka mashuka, sare zangu zilizonibana na magazeti ya baba. Mara moja moja baba anatoa vitu vyote, analichomeka kwenye umeme, linakohoa, linaanza kunguruma, tunaitwa tuweke mkono tuone baridi inavyokuja, halafu anachomoa haraka kabla luku haijaisha. "Ni zima kabisa hili," anasema, kama vile kuna mtu alikuwa amebisha.

Mwaka huu ikabidi liuzwe. Bibi Jenoveva, mama yake baba, anaishi peke yake Ngujini, huko juu, na njia ya kutoka kwake kwenda bombani imesimama kama ngazi. Mwezi wa sita aliteleza hapo, goti likavimba, akakaa njiani mpaka jirani aliyekuwa anakwenda kukatia ng'ombe majani alipomkuta. Baba akampigia simu akamwambia ahamie kwetu. Bibi akauliza atalala wapi. Baba akakohoa kidogo. Basi bibi akasema kitanda kikiwepo atashuka Jumamosi na gari la kwaya, na kisipokuwepo wamwache aangukie kwake, alikozoea.

Chumba chenyewe ndicho hicho cha friza, na hela ya kitanda na godoro ilikuwa ndani ya friza hilo hilo. Nyingine hatukuwa nayo.

Kazi ya kuliuza mtandaoni nikapewa mimi. Mimi nikiamkia wageni, shikamoo yangu haifiki mlangoni, mama ndiye anairudia kwa niaba yangu. Ila kwenye simu hakuna anayesikia sauti. Nilikuwa naandika kwa simu ya baba na kwa jina la baba, Mzee Hezroni, na Mzee Hezroni wa kwenye simu alikuwa mtu jasiri sana.

Moyoni baba alitaka laki tatu. Akaniambia niandike laki tatu na nusu, halafu mbele yake niandike haipungui. Nikamuuliza, kama tunataka laki tatu si tuandike laki tatu. Baba akanionea huruma. Akanieleza kwamba ukiandika maongezi yapo, watu wanajua una njaa. Ukiandika haipungui, hapo ndipo wanakuja kuongea, maana wanaona wanaongea na mtu. Nikapiga picha, nikaandika kila kitu: ukubwa, linafanya kazi, lipo Same, bei laki tatu na nusu, haipungui. Nikaposti kwenye grupu la Wasap linaloitwa SAME SOKO HURIA.

Wa kwanza akauliza, "Bei?" Wa pili akauliza lipo wapi. Wa tatu akaandika "Mwisho?" bila salamu, na alipoambiwa mwisho ni huo huo akaandika, "Sawa, sasa mwisho kabisa?" Method, fundi redio wa stendi, akataka picha ya nyuma, ya ndani, ya mota, ya waya unavyoingia kwenye mota, na video likiwa linanguruma. Luku yetu ikaisha kwenye video. Baadaye akashukuru sana, akasema ana friza kama hilo limeharibika, alitaka kuona waya wa bluu unakwenda upande gani.

Shedrack wa milimani alitaka alichukue sasa, alipe nusu kwa tangawizi na nusu tangawizi ikipanda bei. Tumainieli, mzee wa kanisa, alianza na Bwana asifiwe, akaendelea na mstari wa Biblia, akamalizia na elfu themanini. Nilipomkatalia akanijibu kwamba hazina ya mbinguni haihitaji friza. Hapo hata yule Mzee Hezroni jasiri aliizima simu.

Baba kila jioni alikuwa anasomewa hayo na anatukana dunia. Watu hawana adabu. Watu hawasomi. Nimeandika haipungui, au nimeandika kwa Kichina?

Halafu akaja Aminiel, mwenyewe, kwa miguu yake. Huyu alistaafu uhasibu na ni mtu wa mashati ya mikono mirefu. Alilizunguka friza, akaligonga, akainama akalinusa, akaingiza kichwa ndani akaita "oo" asikilize mwangwi. Wakakaa uani na baba wakaanza. Aminiel alianza na laki na nusu, baba akacheka kwa uchungu. Aminiel akasimama akaondoka mpaka getini, baba akamwacha, Aminiel akarudi. Baba akaapa kwa kaburi la baba yake. Aminiel akasema baba yako nilimfahamu, angeniuzia kwa laki mbili. Walikunywa chupa nzima ya chai, wakala na makande yetu ya usiku. Mwisho wakapeana mikono kwa laki mbili na themanini. Mama akanitazama, mimi nikaanza kutoa mashuka kwenye friza. Hapo Aminiel akasema atamwambia shemeji yake wa Kifaru, kama ana mpango wa kununua friza.

Nilidhani baba atampiga. Baba akamsindikiza mpaka barabarani, akarudi anatabasamu. "Yule ni mtu," akasema. "Yule anajua kununua."

Mama akasema hajanunua.

"Sijasema amenunua. Nimesema anajua."

Alhamisi ikafika, friza lipo, kitanda hakipo. Mchana ukaingia ujumbe kutoka namba mpya. Shikamoo baba. Naitwa Mwanahalima, nauza juisi na barafu kwa wakata mkonge. Nimeona friza. Nimekubali laki tatu na nusu. Naweza kuja kesho na gari?

Nikausoma mara mbili. Katika grupu zima huyo peke yake ndiye alisoma tangazo. Nikamkimbilia baba, nikamsomea, nikasubiri afurahi.

"Amekubali?" baba akauliza. "Yote?"

Nikamwambia yote.

"Hajaomba hata ya soda?"

Hajaomba.

Baba akavua miwani. Alikwenda chumba cha uani akafunga mlango, tukamsikia anapapasa nyuma ya friza. Alipotoka alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, na alikuwa na hakika kwamba huyo mwanamke anajua kitu ambacho sisi hatukijui. Mafriza ya zamani yana madini ndani, akasema, watu wa mjini wanayatafuta, kuna mtu Moshi alitajirika kwa cherehani. Mama akamwambia mwanamke anataka kugandisha juisi. Baba akasema mtu wa kugandisha juisi hakubali bei ya mtu hivi hivi, huko ni kumdharau mwenye mali.

Kesho yake Mwanahalima akaja na kirikuu ya kukodi. Ni dada wa makamo, mtu wa Lindi, alikuja huku kufuata kazi ya mkonge na hajazizoea bado baridi za asubuhi. Akamwamkia baba kwa kupiga goti kidogo. Hakulinusa friza, hakuligonga. Akatoa bahasha.

Baba akaitazama bahasha kama imetoka kuzimu. Akasema bei imepanda, sasa ni laki tano.

Nilijua atabisha. Mtu yeyote wa hapa angebisha, angeita majirani, angemtajia baba tangazo lake mbele ya watu, wangekaa, chai ingechemshwa. Mwanahalima akairudisha bahasha kwenye pochi, akasema, "Sawa baba, samahani kwa usumbufu, sitaiweza," akapiga goti tena, akatoka.

"Umeona?" baba akamwambia mama. "Hata hakuuliza kwa nini." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeonewa.

Dereva wa kirikuu alikuwa anawasha gari. Mimi nikaona lile goti la bibi lilivyovimba kwenye picha tuliyotumiwa, na ile njia. Sijui nilifikaje getini. Nikamshika dada wa watu kanga.

"Dada, rudi ndani uombe akupunguzie."

Hakunisikia. Nikarudia kwa nguvu zaidi.

"Lakini mimi nilishaikubali bei yake," akasema.

"Ndiyo maana amekataa."

Akanitazama, akamtazama dereva, akaniuliza kama baba ni mgonjwa. Nikamwambia hapana, ni mzima, ila hawezi kumuuzia mtu asiyelalamika. Akasema tangazo lilisema haipungui, na kwao mtu mzima akishasema neno, kubishana naye ni kumkosea heshima. Nikamwambia huku usipobishana naye ndiyo umemkosea. Nikamfundisha haraka haraka, dereva anapiga honi: aseme limechoka, aseme raba ya mlango imepasuka, akipewa chai anywe, bei ikitajwa acheke, isiposhuka asimame kama anaondoka. Na asikubali mpaka nimwonyeshe ishara.

"Nicheke?"

"Kwa uchungu," nikamwambia.

Akarudi. Akasimama mbele ya baba, akasema friza lenyewe limechoka, baba, hata laki mbili halifiki.

Nilimwona baba anarudiwa na damu usoni. "Mama Neema," akamwita mama, "mletee mgeni kiti."

Mwanzoni dada alicheka vibaya, kama mtu anayepaliwa. Lakini kwenye chai ya pili aliipata njia. Raba imepasuka. Hiyo ni raba ya kizamani, baba akasema, nene, siku hizi hazitengenezwi. Siku hizi hazitengenezwi kwa sababu zilikuwa zinapasuka, dada akasema. Baba akapiga paja kwa furaha. Laki tano ikawa nne, nne ikawa tatu na nusu, ile ile aliyokuja nayo kwenye bahasha. Dada akanitazama. Nikaona hapo baba bado hajashiba, nikatikisa kichwa. Dada akasimama, akaenda mpaka getini, akarudi. Dereva akazima gari kabisa, akaja na yeye akapewa kikombe.

Tatu. Hapo ndipo nilipaswa kutoa ishara, ila baba alikuwa amegeuka upande wangu, nikaogopa. Dada akacheka kwa uchungu, na safari hii ulikuwa uchungu kweli kweli. Baba akasema basi mbili na themanini, kwa sababu wewe ni mgeni. Dada akasema aibu, mgeni ndiye anapigwa bei hivyo? Baba akashuka mbili na sitini. Nikasikia godoro linaondoka. Mbili na arobaini, baba akasema, na macho yanamng'aa. Kitanda kikaanza kupungua miguu. Mama alikuwa ameshika sinia hewani, lakini baba akiwa kwenye bei mama haingilii.

"Laki tatu," nikasema.

Wote wakageuka, na dereva pia. Nadhani baba alikuwa hajawahi kunisikia nikisema kitu mbele ya mgeni tangu nizaliwe. Nikasema tena, sasa sauti ikitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Baba, ni laki tatu. Chini ya hapo bibi analala chini."

Mwanahalima akasema, "Sawa."

Akaisema haraka mno. Nikaona uso wa baba unaanza kubadilika tena, nyusi zinakwenda juu. Nikamkanyaga dada mguu.

"Sawa," akasema tena, "lakini mniongeze nyongeza. Bila nyongeza sichukui."

Baba akashusha pumzi. Akampa kreti mbili za chupa tupu za soda, zile za dukani, ambazo hazina kazi duniani. Dada akazipokea kwa mikono miwili. Walipopeana mikono baba alimwambia yeye ni mtu mgumu sana, na dada akashukuru. Tulimsaidia kupandisha friza sisi wote na dereva, na nilipomfikishia kreti zake kwenye gari aliniuliza kwa kunong'ona kama huku hata gengeni ni hivi hivi. Nikamwambia gengeni ni zaidi.

Siku hiyo hiyo baba alikwenda kwa fundi seremala, akaondoka hapo jioni kabisa, yeye na kitanda na godoro, na fundi hamsemeshi.

Jumamosi gari la kwaya likamshusha bibi na fimbo yake na kapu. Baba akampeleka chumbani, akamweleza vita vyote vya friza, jinsi mwanamke wa Lindi alivyotaka kumnyang'anya na yeye akasimama imara. Bibi akakaa kitandani, akalibonyeza godoro, akauliza kitanda ni bei gani. Baba akamtajia kwa majivuno. Bibi akasema umeibiwa, Hezroni, ungenisubiri nifike.

Halafu akavua viatu, akanyoosha lile goti polepole. Akasema hapendi kulala kichwa kikiwa mlangoni, kiwe upande wa dirisha. Tukakiinua kitanda mimi na mama, tukakizungusha chumba kizima. Nafasi ilitosha.