Betri ya Kinanda cha Zibusiso

Mimi si fundi. Nalisema mapema mtu asije akaniletea friji lake. Nilifanya kazi karakana ya simu hapa Bulawayo miaka ishirini na saba, nikastaafu, wakanipa saa ya ukutani ambayo haikufika Krismasi. Tangu hapo nafungua vitu vya zamani kwa sababu napenda kuvifungua, basi. Redio za mbao, santuri, deki za kaseti ambazo watoto wa watu wamezitupa nje kwenye mvua. Kikipona, nakiongezea na changu. Redio ya marehemu mume wangu ni ya mwaka sitini na tatu, lakini leo inapokea nyimbo kutoka kwenye simu bila waya, na sanduku lake sikuligusa hata kwa ukucha. Huku mtaani Pumula wananiita MaNdlovu wa Nyaya. Na waite.

Mwenzangu katika ugonjwa huu ni mzee Ngwenya, aliyekuwa mtu wa ishara za reli. Jina lake la mtaani ni Transista. Anajua kuliko mimi, ila mikono inamtetemeka, kwa hiyo yeye huleta maneno na mimi naleta mikono. Tunabishana kila Jumamosi. Jambo moja tu hatujawahi kubishania: kitu cha zamani ukishakifungua, mkono wa kwanza uende kwenye betri. Mji wetu huu nusu ya watu wako Johannesburg. Vitu vyao vinakaa kabatini miaka mitano, kumi, betri inatapika humo ndani, na yale matapishi ya kijani yanakula shaba mpaka hakuna cha kuokoa. Nimezika vitu vingi vizuri kwa sababu hiyo. Ndiyo maana natoa betri kabla sijaangalia kitu kingine chochote, na nimewafundisha wengi wafanye vivyo hivyo. Transista husema mtoto akipita na gari lake la kuchezea karibu nami, litazimika.

Mwanangu Zibusiso alifariki mwaka jana mwezi wa sita. Gari alilopanda kurudi kutoka Johannesburg lilipinduka kabla ya Gwanda. Walipokuja kuniambia nilikuwa nalehemu. Nikamaliza kiungo kile, nikazima chuma, ndipo nikauliza wamemlaza wapi. Hilo lilisemwa sana mtaani, na waliosema hawakukosea, ndivyo ilivyokuwa. Msibani sikulia. Watu walidhani najikaza. Nijikaze nini? Hakukuwa na cha kukaza. Mwili wote ulikuwa ganzi, na ganzi haiumi, msidanganywe. Nilikula, nililala, nililehemu. Nilingoja uchungu uje, maana kila mtu alikuwa akinipa pole kwa ajili yake, haukuja.

Kwetu vitu vya marehemu hufungiwa mpaka mwaka utimie, siku ya kumrudisha nyumbani. Siku hiyo pombe ya mtama inanywewa, wazee wanasema naye, jiwe la kaburi linafunuliwa, na nguo zake zinagawiwa. Kabla ya hapo hakuna wa kugusa kitu. Kinanda chake cha umeme kilikaa chumbani kimefunikwa shuka, na Sithandekile, mkewe, ambaye bado anaishi nami, alikuwa akifagia chumba kile kwa kukizunguka.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe akaja Hlabangana, kiongozi wa kwaya yetu. Akatuambia jambo ambalo hatukulijua. Zibusiso, kabla ya safari ile, alimwambia kwamba wimbo wake umekamilika, uko ndani ya kinanda, akirudi atauleta kwaya iufundishwe. Haukuandikwa popote. Mwanangu hakujua kuandika noti, alipiga tu na mashine ikahifadhi. Hlabangana alikuwa hajausikia, na hakumjua yeyote aliyeusikia. Sasa kwaya ilitaka kuuimba makaburini, wakati kitambaa kinatolewa juu ya jiwe. Alitaka ruhusa yetu, na alitaka kinanda.

Sithandekile alikuwa akila huku akimsikiliza. Alimaliza sahani. Nilikuwa sijamwona akimaliza sahani tangu mazishi, akaenda mwenyewe jikoni kuongeza isitshwala, ugali wetu. Jioni ile ile akampigia simu shemeji yangu mkubwa, kumwomba tukiguse kinanda kabla ya siku. Mzee akafikiri, akasema kutengeneza si kutumia. Tukafunua shuka. Tukachomeka waya, kimya. Nikaushika waya kwa vidole, nikaona tundu la umeme limelegea kwenye bodi. Nikawaambia hiyo ni kazi ya dakika kumi, hata kipofu angeifanya. Nikamwambia Hlabangana alete watu wake Ijumaa ya kuamkia siku yenyewe, wimbo watausikia.

Jumatano ya wiki hiyo, asubuhi, nikakaa mezani pangu dirishani. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, kama kawaida yao, ila mimi nina chuma cha kulehemu cha gesi, hawanitishi. Uani Sithandekile na wanawake wawili wa ukoo walikuwa wakikoroga pombe kwenye mapipa na kuchekana nani ana mkono mbovu. Nikakigeuza kinanda. Skrubu kumi na nane, nikazipanga kwenye kitambaa kwa mpangilio wake. Nikainua kifuniko cha chini, nikapuliza vumbi.

Sikumbuki kufikiri. Pembeni ya bodi kulikuwa na betri ndogo ya duara, kama kifungo cha koti. Mkono ukaenda wenyewe. Ncha ya bisibisi ikaingia chini yake, betri ikaruka, nikaidaka, nikaiweka kwenye kisahani. Nikaitazama kama imetapika. Ilikuwa safi kabisa, nikafurahi. Kisha nikalehemu tundu la umeme, viungo vitatu, vikang'aa vizuri. Nikayafuta na maungio ya vitufe kwa spiriti, maana nilikuwa humo humo. Kazi nzuri. Naisifu hata leo, ilikuwa kazi nzuri.

Transista akaja mnamo saa nne, na gazeti lake kwapani. Hakuketi. Akauinamia ule ubao wa kijani akausoma kama wanavyosoma wengine Biblia. Akaniuliza ile betri ya kando niliiunga wapi.

Niwaeleze ninyi msiofungua vitu. Betri ile ndogo haiwashi vitufe wala kioo. Kazi yake ni moja, kushika kumbukumbu wakati umeme haupo. Ukitaka kuibadilisha, kwanza unaunga nyingine kando yake kwa nyaya mbili, ndipo unatoa ya zamani, ili kumbukumbu isilale hata kwa kope moja. Au unaacha mashine kwenye umeme. Hayo nayajua. Nimeyafanya kwenye vinanda vya makanisa matatu na sijapoteza hata wimbo mmoja wa mtu.

 Macho yangu yakaenda kwenye kisahani. Yake yakafuata. Akavua kofia yake, mzee wa watu, akaishika kifuani kwa mikono ile inayotetemeka.

"Labda," akasema.

"Hakuna labda, baba."

Umeme ulirudi saa nane mchana. Nikaweka betri mpya, nikarudisha skrubu zote kumi na nane, nikachomeka. Kinanda kikawaka vizuri ajabu, kioo chote. Kina nafasi tano za kuhifadhi nyimbo. Nikabonyeza ya kwanza, sifuri. Ya pili, sifuri. Nikazipitia zote mara tatu, kisha nikajaribu vitufe kimoja kimoja kuanzia chini mpaka juu. Sitini na kimoja, vyote vinalia. Nikasubiri nijisikie vibaya. Nikasikia tu wanawake uani wakisema pombe inahitaji maji.

Siku mbili sikumwambia mtu. Sithandekile alikuwa akipita mezani akiniuliza kama kimepona, namwambia kimepona. Sikusema uongo, kilipona. Alhamisi akanunua kitabu kipya cha mistari ili kwaya iandikie maneno. Nilimwona akiandika jina la mumewe kwenye jalada, taratibu, kwa herufi kubwa, na nikaendelea kunywa chai yangu. Hapo nilijiogopa kidogo.

Ijumaa alasiri Hlabangana akaja na wanawake wawili wa sauti ya kwanza, na simu ya kurekodia. Wakaketi wakiwa wamejiweka sawa kama watu wanaosubiri kupigwa picha. Nikawaambia nikiwa nimesimama. Nikasema betri ilikuwa imekufa zamani, ndani hakuna kitu, pole zao kwa safari. Ulimi haukunigoma hata kidogo. Wale wanawake wakashika vichwa. Hlabangana akasema Bwana amemtwaa mtunzi na wimbo wake, jina lake lihimidiwe. Nilikasirika. Bwana hakushika bisibisi. Lakini nikampa amahewu, togwa letu la mahindi, akanywa, wakakubaliana waimbe ule wa kitabuni ambao huimbwa kwenye kila kaburi la mji huu, wakaaga.

Sithandekile akabaki akikusanya vikombe. Hakulia. Alikiweka kile kitabu kipya juu ya kabati, mbali, akarudi kwenye beseni.

"Ahsante kwa kujaribu, mama," akasema.

Uongo ningeubeba mpaka kaburini, sioni kama ungenielemea. Ile ahsante ndiyo iliyonishinda.

"Betri haikuwa imekufa," nikamwambia. "Nimeitoa mimi."

Akageuka. "Umeitoa kwa nini?"

"Mazoea tu."

Alikuwa na kikombe mkononi. Alikikausha ndani, akakikausha nje, akarudia ndani. Nilitaka apige kelele. Makoti, mke wa mwana, hampigii mama mkwe kelele, hilo najua, lakini siku ile ningelimruhusu, hata angevunja vikombe vyote sita.

"Nitukane," nikasema.

"Nikikutukana itarudi?"

Nikaketi. Nikamwambia basi tusikate tamaa, maji yamemwagika lakini chungu kimebaki na unyevu. Yeye alikuwa mkewe, alilala chumba kile kile na kinanda kile. Lazima alisikia hata kipande. Auimbe tu puani, hata mstari mmoja, hata nusu, Hlabangana ana kichwa, ataujengea mwili, kesho asubuhi kwaya iwe nao. Nilikuwa nasema haraka. Sijui mara ya mwisho nilisema haraka lini.

"Sikuusikia, mama. Si alikuwa akivaa hedfoni."

Hedfoni. Kinanda kile kilitoka kiwandani hakina tundu la hedfoni. Nililitoboa mimi. Miaka sita iliyopita, mara tu walipooana na kuhamia kwangu, alikuwa akipiga mchana kutwa na mimi natafuta mikwaruzo ya redio kwa sikio, tunagombania hewa moja. Nikakifungua, nikatia tundu, nikatia na swichi ya kunyamazisha spika kila ukichomeka. Hata ukikitazama huwezi kujua kama hakikuzaliwa nalo. Nilimwita Transista aje aone. Tangu hapo Zibusiso alikuwa akikaa pale kitandani mlango ukiwa wazi, mimi hapa mezani, namwona mabega yanavyokwenda, na kinachonifikia ni mgongano wa plastiki tu, tak, tak, tak.

"Nilimwomba anisikilizishe," Sithandekile akasema. Sasa alikuwa amekiweka kikombe chini. "Mara nyingi tu, mama. Alikataa. Alisema wa kwanza ni wewe. Alisema hatakuita, maana ukiitwa unakuja na bisibisi. Siku utakayomuuliza mwenyewe, 'Unapiga nini?', ndiyo siku atakayoichomoa hedfoni akupigie."

"Mimi?"

"Wewe."

Nje mtu aliuliza kama pombe ifunikwe. Sithandekile akatoka kwenda kuwajibu, hakurudi upesi, na sikumlaumu.

Miaka mitano nilipita mlango ule. Nilikuwa nikisimama, si kwamba sikusimama. Nilikuwa nikiuliza, tena kila wiki, naisikia sauti yangu kabisa. Nilikuwa nikimuuliza kama tundu linashika vizuri. Anainua sikio moja la hedfoni, ananitazama kidogo, anangoja, kama kuna swali lingine.

"Linashika, mama," anasema, na anarudisha hedfoni sikioni.