Alichokisema Ezéchiel

…wa tano awe yule kijana wa Pretoria anayetupa kama malaika akiwa peke yake na kusahau hata jina lake akikabwa, wa sita yule mrefu mwenye magoti ya babu, hao hawana ubishi, wala wa tatu na wa nne hawana ubishi sana, ubishi uko juu kabisa, kwenye mistari miwili ya kwanza ambayo Kudra ameiacha wazi tangu asubuhi, na upande wa pili wa meza Lerato ameinua kidole, ngoja kidogo, simu iko sikioni, anagombana na mtu wa fulana, "Bluu, bwana, nilisema bluu ya giza," kesho saa nane mchana ndio uteuzi, timu nane zitakaa ukumbini kule Sandton zichague vijana mmoja mmoja kwa zamu, timu yao inachagua ya tatu, na inachotafuta ni namba mbili, mtupaji, mtu wa kuupeleka mpira kikapuni kutoka mbali mchezo unapokaba koo, na kazi ya Kudra, aliyoifanya mwaka wa saba huu, ni kumwambia Lerato huyo mtu ni nani, Lerato ndiye meneja, yeye ndiye atakayetamka jina mbele ya kipaza sauti, lakini jina linatoka kwenye karatasi hii, na karatasi hii iko chini ya mkono wa Kudra, na mkono umegoma.

Andika Thabo. Kila mtu anategemea uandike Thabo, wewe mwenyewe ndiye uliyemwona Diepsloot kwenye uwanja wa saruji wenye pete isiyo na wavu, ukarudi ofisini unaimba, na kweli Thabo ana mkono mwepesi, mpira ukimfikia umeshaondoka, kutoka pembeni anafunga minne katika kila kumi, hakuna atakayekucheka ukimwandika Thabo… ila anadunda kwa mkono wa kulia tu, mkabaji akishalijua hilo anamfungia njia kama anafunga mlango, na akikosa mara mbili mabega yanashuka. Ezéchiel je? Ezéchiel hana wepesi ule, lakini miguu yake imeshaelekea kikapuni kabla mpira haujafika, na asipokuwa na mpira, pale ambapo wengi hulala wakiwa wamesimama, yeye hatulii, anazunguka nyuma ya migongo ya watu mpaka anayemkaba anaanza kushika kiuno, na yeye akikaba hapitwi, umwekee mtu wa kumzibia njia anajipenyeza ubavuni kama maji chini ya mlango, Kudra ameangalia mechi zake kumi na nne, ameandika kurasa tisa, na zote tisa zinasema neno moja tu, huyu. "Hapana, si bluu ya shule," Lerato anasema, "eish, wewe unanisikiliza kweli?" Basi kama ni huyu, mbona mstari wa kwanza uko wazi?

Kwa sababu ya Alhamisi. Kwa sababu Alhamisi Ezéchiel aliletwa hapa hapa, akakaa kwenye kile kiti, magoti yamebanana, mikono juu ya magoti, kijana wa miaka ishirini na miwili aliyezaliwa Uvira, Kongo, akaja Rosettenville ukubwani kwa mama yake msusi, Kiingereza cha uwanjani anacho, toa, pita, rudi, lakini cha kujieleza mbele ya meneja kinamkauka mdomoni, akaomba kwa adabu kama anaweza kusema kwa Kiswahili, maman Kudra si anakisikia? Lerato akakubali, sawa, Kudra atatafsiri, na Kudra akavuta kiti. Lakini kabla ya hapo, mlangoni, Lerato alikuwa amemgusa bega, "Huyu wa kwenu, ee? Usije ukanifanyia kampeni," wakacheka, ulikuwa utani, Lerato ni mtu wa utani, na Kudra alicheka kuliko yeye, halafu ule utani ukaingia naye chumbani na kukaa kati yao kama mtu wa nne. Wa kwetu! Kudra baba yake ni wa Soweto, alikwenda uhamishoni akaoa Morogoro akarudi na mke na mtoto, Kudra ana kitambulisho cha nchi hii, anaapa kwa Kizulu akikanyagwa, na bado miaka thelathini na zaidi baadaye neno dogo kama lile linamfanya anyooshe mgongo kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa. Akaapa moyoni kwamba hatampendelea. Hakuna atakayesema Kudra anambeba Mswahili mwenzake.

Na Lerato akauliza, mbona uliacha timu yako ya kwanza katikati ya msimu? Swali la haki, meneja yeyote angeuliza, na Ezéchiel akashusha pumzi, akasema, Kudra analisikia sasa hivi neno kwa neno, laiti angelisahau, "Mwenzangu moja alianguka na kichwa, tulikuwa mazoezini, akaamuka, akaanza kutapika. Kocha anamwambia, rudia ndani. Anarudia, anaanguka tena. Mi nikasema, non, coach, huyu mutu aende kwanza hôpital, ndio mi nitacheza. Kocha akasema, cheza ao toka. Nikamubeba mwenzangu, tukatoka. Walikuta damu kichwani, ndani. Sasa anatembea, aksanti Mungu, lakini mpira basi. Na mi hawakuniita tena. Sikujuta, maman, umwambie sikujuta, ila nimemiss kucheza." Alisema hivyo, kwa dakika mbili au tatu, macho hayatoki mezani, na Lerato akaitazama saa yake, akamgeukia Kudra, anasemaje? Na Kudra akasema, "Alikosana na kocha."

Basi. Alikosana na kocha. Lerato akamtazama kama mtu aliyenunua gunia akapewa kopo, "Hayo tu?" Na Kudra, Mungu wangu, Kudra akasema, "Kwa ufupi." Lerato akachukua kalamu nyekundu, akaandika kwenye fomu, na maandishi yenyewe yako pale mpaka leo, yanasomeka hata kichwa chini, mbishi, hafundishiki.

Si uongo, lakini. Tuwe wakweli, si uongo, walikosana, kuna mtu anaweza kusema hawakukosana? Muda ulikuwa mfupi, vijana wengine watatu walikuwa wamepanga foleni kwenye korido, mkalimani hana lazima ya kubeba kila pumzi… acha, Kudra. Acha. Ulikuwa unayo yote mdomoni, yamejipanga, ulikuwa umeshafungua mdomo, ukamwona Lerato anakutazama, ukasikia jinsi itakavyokuwa, Kudra anasimulia kwa uchungu, Kudra anatetea, Kudra na wa kwao, na ukayameza. Ulimkata mtu ulimi ili wewe usionekane una lafudhi. Na yeye asijue! Akasimama, akainama, akakushika mkono kwa mikono yake miwili, "Aksanti sana, maman, leo nimesikiliziwa," na wewe ukasema karibu.

"Ishirini na nne, si ishirini na mbili," Lerato anasema kwenye simu, "na zile kubwa zaidi," na anamkonyeza Kudra, kidole bado juu, dakika moja, sharp?

Sharp, sawa, anasema Kudra kwa kichwa, na huko chini, nyuma ya kioo, uwanjani, mpira unadunda. Mazoezi ya mwisho ya majaribio yalikwisha saa nzima iliyopita, wenzake wamevaa viatu vya njiani wameondoka, yeye Ezéchiel amemwomba mlinzi amwachie taa, anatupa, anaufuata mwenyewe, anarudi, anatupa, jioni ataingia zamu kwenye geti la supamaketi, yeye na fimbo na redio ya mkononi, na hapa yuko anafunga, mmoja, mwingine, wa tatu umegonga chuma, na akaushika ule uliogonga chuma akasimama nao, akakitazama kiwiko chake, akakirudisha ndani kidogo, na hapo ndipo Kudra alipoelewa… atafikiri ni kiwiko. Kesho timu nane zikimpita, maana fomu za mahojiano timu zinapeana, neno hafundishiki husafiri kuliko mpira, zikimpita zote nane atarudi Rosettenville afikiri mkono wake una kosa, atatupa mipira elfu nyingine kutafuta kosa ambalo haliko mkononi mwake, kosa liko huku juu, limekaa kwenye kiti cha ofisi chenye magurudumu, lina kikombe cha chai ya rooibos kilichopoa. Mwakani umri wa uteuzi utakuwa umempita. Na hatajua. Hilo ndilo baya na hilo ndilo, ee Mola, lililomtuliza siku tano hizi, kwamba hatajua.

Na mama yake. Denise alituma sauti kwenye simu usiku ule ule wa Alhamisi, Kudra aliisikiliza jikoni, "Maman Kudra, ni mimi mama Ezé. Mtoto amefika, amekula, amelala. Anasema umemusemea vizuri. Anasema hata kama hawatamubeba, leo mtu amesikia. Mungu akulinde." Umemusemea vizuri! Aliifuta ile sauti. Aliifuta kabla ya kuijibu, kama mtu anayefuta alama ya mguu wake, na bado anaisikia, na kila akiisikia haiishii kwenye sauti ya Denise, inageuka, inakuwa ya mama yake mwenyewe, Bi Tumu, kliniki, Soweto, benchi la mbao, Kudra ana miaka tisa na soksi nyeupe za shule, watu wamejaa, nesi anauliza kwa Kizulu na mama hana Kizulu, ana Kiswahili cha Morogoro tu, kirefu, cha heshima, chenye salamu ndani yake, "Mwambie dada, kifua kinanibana, nikilala chali pumzi haipandi, usiku natoka jasho mpaka shuka linalowa, na hizi nguo zote zilikuwa zinanitosha," na kwenye benchi wako wasichana wawili wa darasa lake, wanatazama, mmoja anaiga mdomo wa mama, na Kudra akamwambia nesi, anakohoa. Neno moja. Nesi akatoa chupa ya dawa ya kikohozi. Miezi mitatu baadaye mama alikuwa wodini, mapafu, akakaa huko mpaka msimu ukageuka, akapona, alhamdulillahi alipona, akaishi miaka ishirini na mbili mingine akafa kwa jambo jingine kabisa, hakuna mtu anayeweza kusema ulimuua mama yako. Hakuna aliyewahi kusema. Mama alisema mara moja tu, kitandani, bila hasira, anamfunga Kudra kifungo cha sweta, "Mimi nilisema maneno mengi, mwanangu. Wewe ukasema moja." Halafu akakaza kifungo, akaulizia habari za shule. Na tangu siku ile hakumwomba tena amsemee. Posta, benki, shuleni, kliniki, alikwenda mwenyewe, akionyesha kwa vidole, akichekwa, akarudi na Kizulu chake cha kuokoteza, na Kudra akawa anamsindikiza amekaa pembeni, ana lugha tatu na hakuna anayemtuma… adhabu ile haikuwa na kofi hata moja, na hakuna kofi lililowahi kumuuma hivyo.

Sasa akisema? Lerato atauliza, tangu lini unalijua hili? Tangu Alhamisi. Na leo Jumanne. Msaka vipaji anaishi kwa neno lake, Kudra, mbio huna, urefu huna, una neno tu, ukimwambia mkubwa wako nilikupa neno pungufu, atazifungua kurasa zako zote za miaka saba na kuuliza ni wapi pengine ulipokata, na ana haki. Atasema pia lile jingine, kwamba umegeuka dakika ya mwisho umtetee wa kwenu. Aseme. Acha aseme, kwani ni uongo? Ni wa kwetu. Kijana aliyemweka mwenzake begani akaacha riziki yake mlangoni, nani asingetaka awe wa kwao? Huyo ndiye mtu unayemhitaji timu ikiwa nyuma kwa pointi tisa, kurasa tisa umeandika kuhusu miguu na kiwiko, na kitu kikubwa kuliko vyote ulikisikia kwa masikio yako, kwa lugha ya mama yako, ukakiacha kidondoke chini ya meza. Thabo atapata timu, Thabo hahitaji uongo wako. Hata akiwa wa pili ni Thabo. Na Ezéchiel hata asipochaguliwa, asichaguliwe kwa kiwiko, kwa umri, kwa nafasi za wageni kuwa chache, kwa lolote lililo lake, lakini lisiwe neno lako.

"Basi tumeelewana," Lerato anasema kwenye simu, "hapana, hapana, la mwisho, hilo la mikono…" na Kudra anaiweka kalamu chini, analipanga lile jibu kichwani, mwenzake alianguka, akatapika, kocha akasema rudi, usianzie kwa kocha, anzia kwa mwenzake, kama alivyoanzia yeye, na usilisahau lile la mwisho, kwamba hakujuta, alisema umwambie, alikutuma, kuna mtu duniani aliyekutuma tena ukaseme, na wewe…

"Nilikuficha," Kudra akasema.

Limetoka kwa Kiswahili. Limetoka kwa sauti kubwa kuliko alivyodhani, na Lerato, ambaye hajui hata neno moja la Kiswahili, akaligeuza jicho, simu bado sikioni, mtu wa fulana bado anaongea ndani yake kama nyuki kwenye kopo, kidole bado juu, akaufunika mdomo wa simu kwa kiganja. "Umesema nini?"

Na Kudra akaanza kumtafsiria, tangu neno la kwanza.