Redio ya Anifa

Anifa alikuwa fundi cherehani wa Mtendeni, mjini Tabora. Alipofika miaka thelathini na mbili, homa ya uti wa mgongo ilimwacha hai lakini ikamchukulia masikio yote mawili. Kusema aliweza, lakini kusikia hakuweza; hata mlio wa cherehani yake hakuusikia tena. Wateja walizoea kumwandikia walichotaka, na mumewe, Idrisa, alizoea kumgusa bega kabla ya kufungua kinywa. Kilichomshinda ni tamthilia za runingani. Midomo ya waigizaji ilikwenda mbio, haimwambii kitu.

Isipokuwa mmoja. Valentino Kasubi, aliyeigiza daktari wa mifugo mwenye wivu, alitamka kila neno taratibu, uso wazi, na Anifa alimwelewa. Akaanza kumfuatilia mtandaoni, kisha akajiunga na kundi la WhatsApp la mashabiki wake. Walikuwa watu kama mia mbili, wakibishana kutwa juu ya mashati yake na kwa nini hapewi nafasi kubwa zaidi. Humo hakuna aliyejua kwamba Anifa hasikii. Alikuwa mbishi kama wenzake, na hilo lilimpa raha asiyoipata kwingine.

Mwezi wa tatu, daktari wa mifugo akagongwa na lori na kufa. Kundi likakaa matanga siku tatu. Siku ya nne ikaja habari njema: Valentino amepata kazi mpya, mhusika mkuu kwenye igizo la redio, kila Jumamosi saa kumi jioni. Watu wakashangilia.

Anifa akaandika: "Ndugu zangu, mimi naishia hapa. Redio siiwezi, masikio yangu yalikufa mwaka juzi. Nawashukuru, mmenichekesha sana."

Akaisukumia simu chini ya vitambaa, akaendelea kushona huku machozi yanamdondokea kwenye kanzu ya watu.

Jumamosi hiyo, baada ya magharibi, alishika simu ili ajiondoe kundini. Akakuta ujumbe mrefu kutoka kwa Josepha, mwalimu mstaafu wa Nzega, yule anayesahihisha tahajia za kila mtu. Josepha alikuwa ameliandika igizo zima, neno kwa neno. "Hapa mlango unabamizwa," aliandika. "Hapa Valentino anakohoa, nadhani kikohozi ni cha kweli, kijana huyu hajitunzi." Anifa alisoma mara mbili, halafu akampa Idrisa naye asome.

Wiki iliyofuata aliandika Modest, mfanyakazi wa reli wa Kigwa, akachomeka maoni yake mwenyewe kila mstari wa pili. Wakapokezana hivyo kwa miezi. Habari zilipomfikia Valentino, akatuma kundini ujumbe wa sauti kumshukuru Anifa. Watu mia mbili wakamrukia: "Andika, bwana wewe!" Akaomba radhi, akajirekodi video, uso karibu na kamera, akisema taratibu: "Dada Anifa, ahsante kwa kutoniacha."

Mwezi wa kumi, Josepha alikuja Tabora kwenye kipaimara cha mjukuu wake, akafika Mtendeni bila kumwarifu mtu. Anifa alimtambua kwa picha.

"Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba, mwanangu," Josepha alijibu, midomo wazi kabisa, kisha akakaa.

Anifa alikuwa na hotuba ya shukrani aliyoipanga miezi mingi. Yote ikamtoka akilini. "Umejichosha kwa ajili yangu," ndilo pekee aliloweza kusema.

Josepha akatoa daftari mkobani, akaandika: "Tangu nistaafu hakuna aliyehitaji mwandiko wangu. Sasa Jumamosi nina kazi. Mimi ndiye wa kushukuru."

Ilikuwa Jumamosi, na saa kumi ilikuwa inakaribia. Idrisa akawasha redio. Josepha akafungua ukurasa mpya na kuanza kuandika mbio, herufi zikilala upande, huku Anifa akisoma begani pake. Valentino aliposema jambo la kuchekesha, Idrisa alicheka, na sekunde mbili baadaye Anifa naye akaangua kicheko, mkono wake ukiwa umeshika bega la mwalimu.