Kesi ya Bado

Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka ndani ya ghala la Haji Badiru, mjini Bwera, wakichagua kahawa: nyeusi huku, zilizovunjika kule, mawe nje. Haji akasimama mbele ya Marita na kikombe chake cha chai, akalitazama tumbo lake. Lilikuwa limegusa ungo wa kahawa uliokuwa mbele yake.

"Wewe sasa unakalia nafasi ya watu wawili," akasema. "Enda nyumbani. Ukizaa, utarudi."

Tumbo la Haji mwenyewe lilikuwa kubwa zaidi, lakini lilikuwa la mwenye ghala.

Marita akaenda nyumbani. Mumewe, Eridadi, alilima mihogo iliyoliwa zaidi na nguruwe-mwitu kuliko na watu, kwa hiyo ghala ndilo lililokuwa likiwalisha.

Miezi ikatimia, uchungu haukuja. Mkunga Tabisa akaweka sikio juu ya tumbo, akasikiliza kwa makini, akainuka.

"Mutoto iko muzima," akasema. "Anasema hatoki mpaka mama yake arudishwe kazi. Mimi nimefanya yangu." Akaondoka haraka, maana kulikuwa na mzazi mwingine akimngoja kule Mpondwe.

Marita akampelekea Haji habari. Haji akasema sharti lake ni lile lile: azae kwanza. Mtoto, kutoka ndani, akasema la kwake pia ni lile lile. Wote wawili walisema kwa adabu.

Basi Marita akadandia lori la chumvi hadi Kasese, kwa Wakili Baker, aliyekuwa na chumba karibu na stesheni mpya ya reli. Wakili akampa kiti, akachovya kalamu.

"Jina la mlalamikaji?"

"Marita."

"Na huyu mwingine?"

"Bado," mtoto akajibu, akimaanisha hajapewa.

Wakili akaandika Bado. Tangu siku hiyo likawa ndilo jina lake.

Kesi ilisikilizwa mwaka uliofuata. Bado alikuwa ameshaota meno. Akikasirika, Marita aliyasikia yakisagana. Hakimu alimtaka Bado aape, na kwa kuwa hakuwa na pa kunyoosha mkono, aliruhusiwa kupiga teke.

"Nilisema akizaa atarudi," Haji akaeleza. "Hajazaa. Nimekosa wapi?"

"Mheshimiwa," akasema Wakili Baker, "mama huyu alifukuzwa kwa ajili ya mimba. Kazi yake haikuwa na kasoro."

"Sikumfukuza. Nilimpumzisha."

"Mkeka wake umekaliwa na mtu mwingine!" Bado akapaza sauti.

Hakimu akamwonya asiseme kabla ya kuulizwa. Marita akamwombea radhi.

Hukumu ilikuwa fupi. Haji hakuvunja ahadi, kwa sababu Marita hajazaa. Bado naye hakuvunja sheria, kwa sababu hakuna sheria inayomlazimisha mtu kuzaliwa. Hakimu akawashukuru wote, akaenda kula.

Jioni hiyo Marita aliketi kitandani, miguu imevimba.

"Toka tu, mwanangu. Nataka kukuona uso."

Bado akajigeuza tumboni. "Na mimi nataka kukuona, mama. Lakini nikitoka hivi, Haji atasema haki ilikuwa yake."

Marita akalia kidogo. Halafu akainuka, akakanda unga wa mandazi.

Akawa anauza mandazi mbele ya ghala. Bado aliita wateja kwa Kiswahili, kwa Lhukonzo, na kwa Kifaransa kidogo alichokisikia kwa wachuuzi wa ng'ambo ya mpaka. Biashara haikuwa mbaya, ingawa haikufikia kazi ya ghalani. Haji mwenyewe alikuwa mteja mwaminifu.

"Habari ya asubuhi, Haji," tumbo lilimsalimu.

"Nzuri. Hujatoka tu?"

"Bado."

"Haya. Mama, nifungie matatu."

Msimu wa mavuno ulipofika, mlango wa ghala ukafunguliwa katikati ya asubuhi, akatoka Vasta, mmoja wa wachaguaji, mkono kiunoni na tumbo mbele. Haji alikuwa amempumzisha. Marita akasogea kwenye benchi, akampa andazi la moto. Vasta akaketi, akala.

Ndani ya tumbo lake mtu akasafisha koo, akaomba aelezwe kesi ile iliishia wapi. Bado akaanza kumweleza tangu mwanzo.