Gauni la Kupunguza Mtoto

"Kiunoni punguza vidole viwili," baba mkubwa akaniambia, ameketi kwenye kiti cha wateja, miguu kaitanua. "Mpaka siku ya sherehe atakuwa ameshaingia."

Wa kuingia ni mjukuu wake, mtoto wa miaka tisa. Alisimama juu ya kigoda mbele ya cherehani yangu, mikono juu, tumbo amelivuta ndani mpaka mbavu zinahesabika.

"Pumua, mwanangu. Futi haing'ati."

Akamtazama babu yake kwanza. Anaomba ruhusa ya kupumua!

Damu ikanichemka. Mimi sikusoma sana, ila sisahau. Mama alipofariki baba mkubwa alinichukua, watu wakamsifu kwa huruma. Nilipofika miaka kumi akanishoneshea gauni dogo makusudi. Zipu isipofunga, kabati la chakula linapigwa kufuli, na wageni wakija naitwa Gunia. Watu wazima, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Nikajifunza kula kwa kujificha, kisha kujitapisha chooni huku bomba liko wazi ili yasikike maji tu. Leo nina miaka thelathini na nne na bado najitapisha. Eti ni ugonjwa wa wanawake wanaopenda urembo. Urembo gani? Nilikuwa bado natii amri ya mtu mmoja.

"Kiuno sentimita sitini na mbili," nikasema. "Nitakata sitini na sita. Mtoto anakua."

"Nani kakuuliza? Wewe mwenyewe ulivyo mwembamba, si mimi niliyekunyoosha?"

"Ni wewe, baba mkubwa. Sogea uone kazi yako."

Nikapanua mdomo, nikamwonyesha magego yaliyolika kwa matapishi. Akageuza uso.

"Unanivunjia heshima mbele za watu?"

"Uliponiita Gunia, watu hawakuwepo?"

Mama wa vifungo, mwenzangu ninayechangia naye chumba cha kazi, alikuwa ameinamia sindano yake. Akainua kichwa. "Mzee, hapa tunapunguza nguo. Watu hatupunguzi."

Baba mkubwa akainuka kuchukua kitambaa chake cha gauni mezani kwangu. Nikamuwahi. Nikapiga chaki penye sitini na sita, nikaingiza mkasi. Fundi yeyote anajua: kikishakatwa, kimekatwa.

"Nitampelekea fundi mwingine alibane!"

"Mpelekee. Siku ya sherehe nitasimama katikati ya ukumbi niwaeleze wageni habari za lile kabati. Mmoja mmoja, na nani alicheka namkumbuka."

Akanikazia macho. Sikuyakwepa. Akatoka nje kuwasha sigara, na kiberiti kikamgomea mara tatu.

Mtoto alikuwa bado juu ya kigoda. "Shangazi, nishushe mikono?"

"Shusha. Na tumbo liachie."

Mama wa vifungo akafungua kopo lake la chakula: viazi vya kuchemsha na mayai. Hajawahi kuniona nikila. Miaka sita tuko pamoja, anajua mimi hula nyumbani. Nikachukua kiazi kizima, nikakigawa, nusu nikampa mtoto. Yangu nikaitafuna mlangoni, baba mkubwa ananiona.

Koo likaanza kudai kile lilichozoea. Choo kiko hatua kumi na mbili kutoka kwenye cherehani yangu. Nimezihesabu muda mrefu.

Nikavuta kiti, nikakaa, nikatia uzi kwenye sindano.

"Shangazi," mtoto akasema, mdomo umejaa, "kimebaki kingine?"

"Vimo," akajibu mama wa vifungo. "Kula, usimwangalie mtu."