Nyuzi Tisini na Tano

Niseme mapema kwamba mimi Maggie nina hasira za karibu, na siku ile zilinifaa.

Somo la thamodainamiki, yaani hesabu za joto na mvuke, nilikuwa nalirudia. Mwaka uliotangulia lilinigaragaza vibaya. Chuoni kwetu ukianguka somo hilo mara ya pili unabeba godoro lako unarudi nyumbani, na nyumbani kwetu ni Makongeni, Thika, ambako mama ameuza mitumba miaka yote hii ili nisome. Mtihani wa kuandika nilikuwa nimeshaufanya. Kilichobaki ni jaribio la maabara: chemsha maji, soma kipimajoto, andika ripoti, kisha uitetee mbele ya mhadhiri wetu, Daktari Nzau.

Kazi nyepesi, tena yenye njia ya mkato. Hosteli za Kahawa Wendani, jirani na chuo, zimejaa ripoti za kurithi. Wa mwaka wa nne humwachia wa tatu, wa tatu humwachia wa pili, na zote zinasema maji yalichemka kwa nyuzi mia. Wewe unabadilisha jina tu.

Maji yetu yalichemka, yakatokota, yakarusha matone hadi mezani. Kipimajoto kikasimama tisini na tano.

"Hii imekufa," akasema Kyalo, mwenzangu wa kikundi. "Maggie, andika mia twende tukule."

Nikachukua kingine. Tisini na tano. Nikamnyang'anya Mitchell wa meza ya pili chake. Tisini na tano.

"Zote zimekufa?" nikamuuliza Kyalo. "Siku moja, ugonjwa mmoja?"

"Wewe ndio unarudia, si mimi. Ukiandika hiyo kitu, Nzau atakumaliza."

Aliniudhi kwa sababu alisema kweli. Niliogopa. Lakini kuandika uongo na macho yanaona, hilo lilinishinda. Nikaandika tisini na tano, nikakandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Wiki ile nzima nikang'ang'ana na kitabu hadi nikaelewa.

Siku ya kujitetea, Daktari Nzau alituita mbele mmoja mmoja, darasa zima likisikiliza. Wote walijibu mia. Yeye aliandika tu. Zamu yangu ilipofika akashusha miwani.

"Wenzako wamepata mia. Kitabu kinasema mia. Wewe umetoa wapi hii?"

Watu wakacheka. Nikasikia damu ikipanda kichwani.

"Daktari, kitabu hakijakosea. Ni sisi tunakisoma kama tuko Mombasa. Mia ni ya pwani. Huku tuko juu, hewa ni kidogo, presha yake iko chini, kwa hivyo maji yanachemka mapema kabla hayajapata moto wa kutosha. Auntie yangu ameolewa Mombasa. Kila akija kwetu anagombana na githeri, ati mahindi na maharagwe hayaivi, moto wetu ni mvivu. Si moto, Daktari. Ni hewa."

"Hizo ni hadithi za jikoni. Nionyeshe namba."

Nikaenda mlangoni. Barometa ya maabara iko ukutani pale, na sisi sote huitundikia makoti. Nikayang'oa yote, mengine yakaanguka sakafuni, nikasoma kwa sauti: kilopaskali themanini na tano. Nikarudi, nikafungua jedwali la mvuke, nikafuata mstari kwa kidole mbele ya macho yake. Kwa presha hiyo, maji huchemka kwa nyuzi tisini na tano.

Aliusoma mstari ule, kisha akaligeukia darasa.

"Nyinyi wengine, washeni majiko. Mnarudia."

Wakaguna. Kyalo akashika kichwa.

"Wewe Magdalene, karatasi yako ya mtihani nimeshasahihisha. Ilikuwa imebaki hii tu. Umepita. Nenda."

Sikwenda, niliruka. Nikasimama nje kwenye nyasi nikampigia mama.

"Mami, nimepita! Ile somo ya moto, nimepita!"

Kwetu Wakikuyu, mtoto wa kiume akizaliwa wanawake hupiga ngemi tano, vigelegele vya kumkaribisha. Wa kike ni tatu. Mimi nilipigiwa tatu. Sasa nikamsikia mama akiweka simu chini bila kuikata na kuanza, pale pale kwenye kibanda chake: moja, mbili, tatu. Hakukoma. Akapiga ya nne, na ya tano akaivuta hadi pumzi ikamwishia. Nilikuwa nalia, na sikujali aliyekuwa akinitazama.

Jirani akauliza ni nani amepata kijana.

"Kijana gani?" mama akamjibu. "Ni Maggie wangu!"